Jina Langu Kwenye Droo ya M

Jumatatu, 4 Juni 1956

Baridi ya Mbeya leo inakata masikio, lakini mimi nina joto la moyoni. Nimemshinda Kalinga!

Mambo yalikuwa hivi. Bwana Barlo, mkuu wa kituo chetu cha utafiti wa mazao, alituita maktabani asubuhi, mimi na Philbert Kalinga, karani mwenzangu. Akasema serikali inataka Orodha. Si ya mbolea wala ya majembe. Orodha ya kila andiko la kitaalamu lililowahi kuandikwa juu ya Nyanda za Juu: kahawa, pareto, udongo, mbung'o, samaki wa Ruaha, kila kitu. Nani kaandika, mwaka gani, andiko liko kabati lipi. Ifike Iringa mwisho wa mwezi, kwenye mkutano wa mabwana shamba wa jimbo zima.

Kadi zenyewe zipo. Nimeziandika mimi, miaka yote hii, kwa mwandiko wangu wa madaha. Kalinga kaja juzijuzi tu kutoka Iringa. Kasoma shule ya misheni ya Tosamaganga, basi anapanga herufi kama amezipimia rula na kila mtu anamsifu. Mnafiki. Anamwamkia hata paka wa kituo.

Sasa, anatakiwa mpiga taipu. Kalinga hakungoja Bwana amalize sentensi. Akasema anaye dada yake wa ukoo, Evarista, kafundishwa na masista. Nikaona hatari. Kalinga na ndugu yake, chumba kimoja na mimi! Nikajitutumua. Nikasema ninaye Sekela, mke wa mwanangu Saulo, yule dereva wa lori la kituo. Kajifunza taipu misheni. Vidole vyake vinakwenda kama mvua ya mawe juu ya bati. Bwana akauliza kama yuko karibu. Nikasema yuko ng'ambo ya kijito tu, anapalilia viazi. Akasema aanze kesho.

Mimi mwenyewe sijawahi kumwona akipiga taipu. Kusema kweli sijawahi kumwona hata uso. Lakini ni wa nyumbani! Kila herufi ya Orodha itapita mikononi mwa ukoo wangu. Kalinga amenuna mchana kutwa. Nimekula ugali wangu kwa raha.

Jumanne, 5 Juni

Nimejipalia makaa.

Nilisahau jambo moja. Sekela ni mkwe wangu. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hali naye, hapiti alipo, na jina lake halitii kinywani. Wakigongana njiani kwa bahati mbaya, mwanamke anajifunika nguo na kuacha njia, hata kando kukiwa na miba. Ndiyo heshima yetu, na naipenda sana. Ila jana, nilipokuwa najisifu mbele ya Bwana, ilinitoka kichwani kabisa.

Niliingia maktabani na kikombe cha chai. Sekela alikuwa ameshaketi kwenye mashine. Akaona kivuli changu. Akajitupa chini ya meza, kanga kichwani, na mashine ikamfuata. Kengele ya mashine ikalia. Chai yote mguuni kwangu. Nikakimbilia mlangoni, yeye akaruka dirishani, akaangukia kwenye matuta ya pareto ya majaribio.

Bwana Barlo akatoka ofisini kwake. Akamkuta karani anarukaruka kwa mguu mmoja na mpiga taipu kalala kifudifudi kwenye pareto. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama huwa nampiga yule binti. Mimi! Kalinga akamweleza habari za mila, huku anatabasamu, kana kwamba kwao Wahehe hawana mambo yao.

Bwana akasema, basi, labda aje yule Evarista. Nikasema hapana! Nina mpango.

Sikuwa na mpango.

Jumatano, 6 Juni

Mpango nimeupata nikinyoa ndevu. Nimeona fahari.

Tumelisogeza kabati kubwa la kadi katikati ya chumba, kama ukuta. Sekela upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Hanioni, simwoni. Nasikia taipu tu, na kweli binti anapiga. Kabla sijaingia sharti nikohoe mara mbili, ajue nipo, ajifunike. Bwana Barlo akakubali. Yeye anachotaka ni Orodha yake, hata tukiiandika tukiwa juu ya paa.

Likabaki swali: kadi nitakazozikagua zitamfikiaje Sekela? Na nikitaka kumwambia neno? Nikapendekeza mfagiaji. Bwana akasema Kalinga.

Kwa hiyo sasa Kalinga anazunguka kabati kwenda na kurudi, na kadi mkononi, kama waziri. Nikisema andika kwa wino mwekundu, Kalinga ndiye anayekwenda kusema. Sekela akiuliza, Kalinga ndiye anayejibu, kisha ananijulisha alichojibu. Mke wangu Lea amecheka hadi ameshika mbavu. Kisha akaacha kucheka. Akaniambia: "Baba Saulo, imalize hii. Wakristo siku hizi wanamfungulia mkwe. Unampa mkono mbele ya mchungaji, mnaombewa, yamekwisha. Atakuona, atakuita, mtafanya kazi kama watu."

Nikamuuliza kama anataka nidharauliwe uzeeni. Kuna mtu mmoja tu katika dunia hii ambaye akisikia nakohoa anatetemeka. Lea hatetemeki. Bwana Barlo hatetemeki. Kalinga ndiyo kabisa. Halafu huyo mmoja nimwachie!

Ijumaa, 8 Juni

Nimepimwa kifua kikuu.

Nakohoa kila nikiingia, nakohoa kila nikitoka, nakohoa nikitaka kwenda kwenye rafu iliyo karibu na upande wake. Bwana Barlo akahesabu ninavyokohoa akaingiwa na hofu. Akanipakia kwenye lori akanipeleka kwa daktari mjini. Nimepigwa mgongoni na vidole, nimeambiwa niseme "aaa", nimepewa dawa nyeusi ya kunywa kutwa mara tatu. Nikamwambia dresa, yule msaidizi wa daktari, kwamba sina kifua, nina mkwe. Akaandika kitu kwenye cheti akanipa na vidonge vya kutuliza.

Niliporudi, nikakuta Kalinga amekaa kwenye kiti changu. Alisema alikuwa anakipasha joto.

Jumatatu, 11 Juni

Leo sitanii.

Nilikuwa nakagua kadi za mimea. Nikafika kwenye lile andiko la miti ya safu ya Poroto, la yule Bwana aliyekuja kabla ya vita. Nikalitoa rafuni nilisome tena. Sijui kwa nini najitesa hivi. Mimi ndiye niliyempandisha Poroto. Mvua ilinyesha safari nzima. Nilibeba ile mbao yake ya kukaushia majani, nikamtajia kila mti: huu kwetu jina lake hili, huu gome lake hutibu tumbo la mtoto, huu hauchomwi kuni kamwe. Alikuwa anaandika, mimi nasema. Kitabu kikatoka. Nikakifungua nitafute jina langu. Ukurasa wa kumi na nne: "Mwenyeji mmoja alieleza." Ukurasa wa thelathini: "Kwa maneno ya mwenyeji mmoja."

Mwenyeji mmoja ni mimi! Nina jina. Nilibatizwa. Gideoni Mwakifuna.

Yeye ana kadi yake nzuri kwenye droo. Nimeiandika mimi.

Kanuni ya Bwana Barlo imebandikwa ukutani: jina la mwisho litangulie, kisha herufi ya kwanza ya jina la mtu. Kwa hiyo mimi ningekuwa Mwakifuna, G. Ningekaa droo ya M. Nimeivuta droo ya M leo hadi mwisho. Ni Maki-huyu na Maki-yule, Waskoti watupu, wamejazana kama kuku kwenye tenga. Nusu ya watu ninaowafahamu majina yao yanaanza na Mwa, na hakuna Mwa hata mmoja mle ndani. Kuna andiko zima la fuko, kurasa arobaini, fuko anachimbaje, fuko anakula nini. Bibi yangu aliyajua yote hayo na hakuna aliyemwekea kadi.

Jioni hii Bwana Barlo kasema neno lililonifanya nikae chini. Ukurasa wa kwanza wa Orodha utakuwa na shukrani: majina ya waliosaidia kuikusanya. Na kwa kuwa Orodha ni andiko la kitaalamu kama maandiko mengine, waliotajwa wataingia pia kwenye majina mwishoni na watapata kadi kabatini. Kalinga na mimi.

Kadi! Mwakifuna, G.! Wataisoma hadi Ulaya. Namtaka Mungu kitu hiki kimoja tu, halafu sitamsumbua tena.

Ila kwa nini na Kalinga?

Jumanne, 12 Juni

Kazi ya kukagua kadi tumegawana. Kalinga A mpaka L, mimi M mpaka Z. Bwana Barlo kasema kesho atatoa kadi kwa kubahatisha, aone nani kafanya kazi safi.

Mchana Kalinga alikwenda posta. Nikakohoa, Sekela akajifunika, nikapita. Nikavuruga droo ya F. Wadudu wa kahawa nikawapeleka kwenye samaki, samaki nikawachanganya na misitu. Kisha droo ya H. Kisha nikanogewa, nikamaliza na droo ya B.

Nataka kuuona uso wa Kalinga kesho. Nimepiga mluzi njia nzima kwenda nyumbani.

Jumatano, 13 Juni

Bwana Barlo ameingia asubuhi na wazo. Kasema mtu haoni makosa yake mwenyewe. Kwa hiyo tubadilishane: Kalinga ajibu kwa M mpaka Z, mimi nijibu kwa A mpaka L.

Akavuta droo ya F.

Sitaki kuandika zaidi. Nimerudia kupanga F, H na B mpaka vidole vimeota malengelenge. Kalinga alijitolea kunisaidia. Nikakataa. Akasaidia hata hivyo. Hakuna kitu kibaya kama msaada wa mtu usiyempenda.

Jumapili, 17 Juni

Kanisani leo limesomwa lile somo la Waamuzi, Gideoni na mitungi na mienge. Wanawake hukaa kushoto, wanaume kulia, na Sekela daima huchagua kona nyuma ya nguzo asinione. Kila mchungaji alipotaja "Gideoni", Lea anasema Sekela aliziba masikio kwa kanga. Baada ya ibada, kwenye mafundisho ya akina mama, wakamuuliza ni nani aliyewapiga Wamidiani. Akajibu: "Yule baba mwenye mitungi." Wakamwambia taja jina. Akainamisha kichwa. Akasema yeye hana mdomo wa kulitaja.

Lea alinisimulia haya kwa masikitiko. Akasema tena habari ya kumfungulia, mchungaji yuko tayari hata Jumapili ijayo. Mimi nilijisikia mkubwa sana! Hata kwenye Biblia binti hathubutu kuligusa jina langu. Wangapi wana mkwe kama huyo? Nikamwambia Lea suala hilo limefungwa. Nikaomba niongezewe mchuzi.

Jumatano, 20 Juni

Leo Sekela anapiga ukurasa wa kwanza. Siku yangu.

Nilimtilia shaka Kalinga. Yeye ndiye anayepeleka maneno, na maneno yakipita kwa Kalinga yanaweza kupata ajali njiani. Kwa hiyo jina sikulitaja kwa mdomo. Nilichukua kipande kizuri cha karatasi, nikaandika kwa mwandiko wa madaha, herufi kubwa, mkia wa F umezunguka kama mzabibu: GIDEONI MWAKIFUNA. Nikakikunja. Nikamwambia Kalinga ampelekee Sekela na amwambie: liandikwe hili kwenye shukrani, pamoja na la Kalinga. Nikasimama kutega masikio.

Kalinga akazunguka kabati. Nikasikia karatasi inafunguliwa. Nikasikia kiti kinaanguka. Kisha wakanong'ona, sauti ya binti kama ya mtu mwenye mafua. Kisha taipu ikaanza, polepole, herufi moja moja.

Kalinga akarudi na uso wa mtu aliyetoka kuungama. Nikamuuliza, tayari? Akasema tayari. Nikamuuliza, kaandika kwa heshima? Akasema, Mzee, kwa heshima kupita kiasi.

Nikampa mkono Kalinga kwa mara ya kwanza. Labda si mtu mbaya.

Jumamosi, 23 Juni

Orodha imekamilika! Kalinga kazungusha mashine ya kurudufu kutwa, wino hadi viwikoni. Bwana Barlo kausoma ukurasa wa kwanza kabla hajaondoka likizo, kaweka sahihi, kasema vizuri sana. Kisha kaniita kunishika mkono. Kaniambia: "Asante, Baba Saulo." Kituo kizima huniita hivyo, na Bwana naye kajifunza.

Mimi nimefunga vitita kwa kamba. Ningeweza kuchungulia. Nilitamani hadi meno yakauma. Lakini nimejizuia. Jina langu nitalionea Iringa, mbele za watu, kwenye ukumbi. Nimengoja tangu kabla ya vita. Siku chache si kitu.

Lea kanifulia koti.

Jumatano, 27 Juni

Safari. Saulo anaendesha, Kalinga katikati, mimi dirishani. Vitita nyuma chini ya turubai.

Vumbi mpaka ndani ya meno. Kalinga kaimba njia nzima, na kila tulipokaribia kwao akazidi kupandisha sauti. Kwenye njia panda ya kwenda Igowole akatununulia machungwa, kwa kujionyesha. Nikala mawili. Chini pale Ipogolo injini ikachemka, tukangoja ipoe kabla ya kukwea kuingia mjini. Saulo akafungua boneti akaanza kuzungumza na injini. Mwanangu huyu shule ilimshinda darasa la tatu. Akishika kitabu anasinzia. Nikamtazama nikafikiri: kesho utamwona baba yako ni nani.

Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema: "Ndaga, asante baba. Nishikie spana."

Alhamisi, 28 Juni

Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Mlangoni pa ukumbi aliketi karani na meza yake na nakala ya Orodha yetu. Maagizo: waliotajwa kwenye Orodha wakae mbele, wavikwe utepe. Wengine nje. Kalinga akataja jina lake. Karani akafungua majina mwishoni, Kalinga, P., huyu hapa. Utepe.

Mimi nikajikohoza, safari hii kwa fahari. Nikasema: Mwakifuna, G.

Karani akafungua M. Maki. Maki. Maki. Akageuza ukurasa. Akageuza nyuma. Akaniambia hakuna mtu kama huyo. Nikamwambia atazame vizuri. Akatazama vizuri. Hakuna. Akasema wabebaji wa mizigo wakae kwenye kivuli cha ukuta, chai yao italetwa.

Wakati nabishana, Saulo akaja na kitita begani, mafuta ya gari hadi puani. Karani akamuuliza jina. Akajibu: "Saulo."

Yule karani aliruka kutoka kitini! Bwana Saulo! Kumbe ni wewe! Akamshika mkono, mafuta na yote. Akamfunga utepe. Akampitisha mbele, mstari wa kwanza, kando ya bwana shamba mkuu. Mwanangu alinitazama mara moja tu, nyuma ya bega, kisha akamezwa na mlango.

Nikaenda dirishani. Nikaona kwa macho yangu. Wakaisifu Orodha, kazi ya kwanza ya aina yake katika jimbo. Wakamwita Bwana Saulo asimame. Makofi! Wakamwomba aseme maneno machache juu ya kazi ngumu aliyoifanya. Saulo akasema barabara ni mbovu sana, hasa madaraja, na hakuna kazi itakayokwenda mbele katika nchi hii mpaka madaraja yatengenezwe. Wakasimama wakapiga makofi zaidi. Wakasema hayo ndiyo maneno ya maana pekee yaliyosemwa tangu asubuhi. Akaletewa chai ya maziwa na biskuti. Akala biskuti zote.

Nilikata kamba ya kitita kimoja kwa meno. Nikafungua ukurasa wa kwanza.

"Mkusanyaji anawashukuru P. Kalinga na Baba Saulo."

Nikafungua mwisho, herufi S. Hapo, kwa kufuata kanuni ya ukutani, jina la mwisho likitangulia: Saulo, B.

Nilikaa chini kwenye kivuli cha ukuta. Chai ya wabebaji ilikuja. Ilikuwa ya rangi, imepoa. Nilitaka jina langu tu. Sikutaka utepe wala biskuti. Kwa yule Bwana wa Poroto nilikuwa mwenyeji mmoja, na sasa kwa watu wangu mwenyewe ni baba wa fulani. Nimelia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Ijumaa, 29 Juni

Njiani kurudi. Nilimbana Kalinga ndani ya lori, hana pa kukimbilia.

Anasema alipofungua ile karatasi yangu, Sekela aliifunika kwa kanga na kuangusha kiti. Hawezi kulitamka, hawezi kulisoma, vidole vyake haviwezi kuligonga. Afadhali aache kazi. Alimwomba Kalinga aje kwangu aombe ruhusa. Kalinga akaona atanikuta na hasira, maana mambo ya B na F yalikuwa bado mabichi. Akamwambia: basi andika unavyomwita nyumbani. Akaandika. Akashukuru kwa machozi. Na ule mpangilio wa mwisho, Saulo, B.? Kalinga akasema: "Mzee, hapo ni kanuni. Mimi nimefuata kanuni."

Nilimwambia aliniua. Akasema angalau nimezikwa kwa mpangilio mzuri. Sitamsamehe.

Saulo anaendesha na utepe kifuani. Kauliza kama naukasirikia. Kasema alidhani ndivyo madereva wanavyopokelewa Iringa. Kisha akauvua, akanipa, akasema, chukua baba, ni wako. Nikautupa dirishani. Baadaye nikamwambia asimamishe gari. Nikarudi kwa miguu kuutafuta kwenye majani. Nimeuweka mfukoni.

Jumapili, 1 Julai

Mkutano umeshaandika barua kituoni, imefika jana na lori la pareto. Kwanza, wanampongeza Bwana B. Saulo na wanamwomba asikose kuja tena. Pili, Orodha ina makosa madogo, kwa hiyo kutakuwa na toleo jipya, lenye shukrani mpya. Litapigwa taipu Iringa, si hapa. Tatu, kadi ya Saulo, B., iingizwe kabatini mara moja. Kalinga kaiingiza jana. Droo ya S. Mwandiko wa rula.

Sekela kamtuma Lea aniambie kwamba amefurahi sana. Amejitahidi kuniheshimu hata mbele ya watu wa Ulaya, na anatumaini nimeridhika. Lea aliposema hayo alinitazama kama mtu anayengoja maziwa yachemke. Kisha akanikumbusha kwamba mchungaji bado yuko tayari. Ni kumpa mkono binti, sala moja fupi, na karatasi ya majina ya kupeleka Iringa kwa toleo jipya aipige yeye, aandike Gideoni Mwakifuna mara mia akitaka.

Nikamwambia Lea hajaelewa kitu. Kosa halikuwa la mila. Mila ni nzuri. Kosa la kwanza ni la Kalinga. Kosa la pili ni la Sekela, na kosa lake ni upungufu wa heshima. Mkwe mwenye heshima ya kutosha angejua jinsi ninavyolipenda jina langu.

Ila nimekwisha pata dawa. Nimemuuliza yule dereva wa lori la pareto aliyetoka Iringa. Mpiga taipu wa ofisi ile ni binti wa kwetu kabisa, Tupokigwe, kazaliwa Rungwe, kalelewa kwa adabu ya zamani. Hajaolewa. Na mwanangu wa pili, Isakwisa, fundi baiskeli, hajaoa! Nimemwita leo baada ya ibada. Alisema bado hajafikiria kuoa. Nikamwambia nimeshafikiria mimi. Wiki hii hii natuma mshenga.

Lea ameondoka mezani. Ameacha hata chakula chake. Wivu.

Safari hii hakuna Kalinga katikati. Toleo jipya litapigwa na mkwe wangu mwenyewe, mwenye heshima kuliko Sekela, mwenye kuniogopa mara mbili zaidi. Nataka nione kama kutakuwa na mtu wa kuliacha jina langu.